Jinsi Ardis Alivyoliingiza Trela Rasi ya Mwari

Kambini kwetu Rasi ya Mwari hatumpimi mtu kwa ukubwa wa shamba lake wala kwa boti yake. Tunampima kwa jinsi anavyorudisha trela nyuma. Ikifika wikiendi ndefu ya Mei, barafu imeshaondoka bwawani lakini upepo bado unang'ata, na watu wa mashamba ya ngano wa kusini mwa Saskatchewan, hapa Kanada, wanakuja na matrela yao ya kulala kuyaegesha kwenye viwanja vyao vya kiangazi. Sisi tuliotangulia tunapanga viti vya kukunja kando ya njia, kila mtu na kikombe chake cha kahawa, tunatazama. Mapajani tuna sahani za karatasi na kalamu za wino mzito. Mtu akimaliza kuegesha tunainua sahani zetu: nne, sita, saba u nusu. Aliyegonga nguzo ya umeme anapewa sifuri na bia ya kumpoza.

Ndoa nyingi nimeziona zikiyumba pale. Mume ameshika usukani, mke yuko nyuma anapiga kelele "Kushoto!", mume anakwenda kulia, na maneno yanayofuata hapo si ya kusikika mbele ya mchungaji. Mimi sikuoa, kwa hiyo nalirudisha langu peke yangu, nagonga ninachogonga, na hakuna wa kunilaumu. Jina langu Delmar. Kiwanja changu kiko jirani na cha Harlan na Ardis Tollefson, na ndio pekee kambini ambao hawakuwahi kupigiana kelele.

Harlan alikuwa anafika na pikapu yake ya kijani, trela lenye mstari wa kahawia likimfuata, anasimama mbele ya kiwanja, anateremsha kioo na kuweka kiwiko dirishani kama mtu anayesubiri aiskrimu. Ardis anashuka. Anakwenda kusimama nyuma kabisa, penye ule mti wa mpopla ulioinama, kitambaa kichwani, uso ameukunja kwa upepo. Kisha trela linaingia. Linaingia kimya kimya, kama droo ya kabati. Na kiwanja chenyewe ndicho kigumu kuliko vyote kambini, maana kiko ukingoni, na ukingo wetu si wa kuaminika. Mawimbi ya bwawa yanaula kila vuli. Upande mmoja una mpopla, upande wa pili una hewa tupu na maji chini yake.

"Umeona?" Orest Pylypchuk alikuwa akimwambia mkewe kila mwaka. "Mke wa Harlan hafungui mdomo! Anasimama tu pale anajikuna. Ndiyo maana mume anaendesha vizuri."

Orest aliendesha basi la shule hadi akastaafu, na kwa sababu hiyo anaamini anajua habari za kila chenye magurudumu. Yeye ndiye jaji mkuu wa sahani. Harlan alikuwa anapata tisa kila Mei. Kumi hapati mtu, na sheria hiyo aliitunga Harlan mwenyewe: "Kumi ni ya Mungu, na Mungu hana trela."

Sasa nimweleze Ardis, kwa kuwa habari hii ni yake.

Alizaliwa bondeni, huko huko chini, kabla hakujawa na bwawa, wakati kulikuwa na mto tu na miti kando yake. Shamba la nyasi la baba yake liko chini ya maji siku hizi. Akiwa ameshika fimbo ya kuvulia atakwambia, "Nyamaza kidogo, navua kwenye shamba la baba," na akipata samaki wa pikereli mnene atasema huyo amenenepa kwa jasho la ukoo wake. Maji yenyewe anayaogopa. Hajawahi kuingia zaidi ya vifundo vya miguu. Anakaanga samaki vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua na hawali, anasema wananuka.

Ni mfupi, mnene kiasi, ana sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo. Hakuna msiba wilayani kwetu ambao hakuupikia. Kila asubuhi anatoka na ufagio kufagia udongo mbele ya trela lake, kwenye upepo ule wa nyika, halafu anagombana na upepo kwa kumrudishia vumbi. Kuchakuro wa kambini anawajua mmoja mmoja na anawatukana kwa majina. Akikuletea chakula anakuletea na kejeli. Mimi alikuwa ananiletea lefse, zile chapati nyembamba za viazi, zimepakwa siagi na sukari, akisema, "Kula, Delmar, umekonda mpaka unafanana na reki. Nani atakuoa?"

"Nimeshachelewa," nikawa namjibu.

"Umechelewa wewe au umewachelewesha?"

Harlan naye akiwa pembeni anacheka, bila kujua tumesema nini. Sikio lake la kushoto liliuawa na matrekta ya zamani yasiyo na kibanda, na la kulia lilikuwa linasikia likipenda.

Harlan alifariki Januari, usingizini, kwenye baridi ile inayopasua miti. Tulimzika ardhi ikiwa ngumu mpaka ikabidi kaburi lichimbwe kwa mashine. Ardis alipika chakula cha msiba wa mumewe mwenyewe, akamfukuza kila aliyetaka kumsaidia. Sikumwona akilia. Nilimwona akifuta jiko lililokuwa safi.

Ana mtoto mmoja, Garth, anakaa Regina, anauza bima za mashamba, mtu mzima mwenye upara na moyo mzuri. Aprili akaja kwa mama yake na kusema trela liuzwe. Sikuwepo, lakini nilisimuliwa na wote wawili, na kwa mara ya kwanza hawakupingana.

"Mama, una nyonga ya chuma. Utakaa ukingoni peke yako, usiku ukianguka nani atajua?"

"Delmar atajua. Anakohoa karibu nami kila usiku, na mimi nitaanguka kwa kelele."

"Na nani atalivuta? Nani ataliingiza? Baba hayupo."

"Nina macho, nimeona kwamba hayupo."

Garth ni mtoto wa mama yake, kichwa kigumu. Wakakata kauli hivi: Ardis aliingize trela kiwanjani Mei hii, usukani ukiwa mkononi mwake na si mwa mtu mwingine, na Garth hatafungua mdomo tena kuhusu kuuza. Akishindwa, Garth atalivuta mpaka Regina na kulitafutia mnunuzi. Tena kambi yetu ina kanuni yake: kiwanja ambacho Jumapili ya wikiendi ile hakina trela kinapewa mtu mwingine, na wanaosubiri viwanja vya ukingoni ni wengi. Kwa hiyo halikuwa suala la trela peke yake. Ardis akishindwa, pale mahali pamekwenda. Wakapeana mkono jikoni.

Ijumaa ya wikiendi ile ya Mei Ardis akafika. Alikuwa ameendesha pikapu ya kijani mwenyewe njia nzima, Garth akimfuata na gari lake kama polisi. Kuendesha hakumshindi. Ameendesha trekta na lori la ngano tangu miguu haijafika kwenye pedali. Ila lori ni mwili mmoja, na trela ni kitu kilichovunjika kiuno. Ukikata usukani kulia, lenyewe linakwenda kushoto, na ukishtuka ukarekebisha kupita kiasi linajikunja ubavuni mwako kama kisu cha kukunja.

Viti vyote vilikuwa vimejaa. Orest alikuwa na kalamu mpya. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini ukiwa na sahani mkononi unapenda kuwa na cha kuandika.

Garth akasimama nyuma, akaanza kupunga mikono yote miwili.

"Kushoto, Mama! Kushoto! Hapana, kushoto kwangu!"

"Kwako ni wapi? Sikuoni!" Ardis akapaza sauti kutoka dirishani. "Ukiwa huoni kioo changu, na mimi sikuoni! Kwani unafukuza kunguru?"

Trela likaenda mpoplani. Akalitoa mbele, akaanza upya. Orest hakuweza kuvumilia, akainuka. "Kata, Ardis! Kata yote! Sasa achia! Achia, nasema!" Jirani mwingine naye akainuka, na mwingine, kila mtu na kushoto yake. Nami nilikaa kimya, kwa kuwa nikiona wanaume wengi wanapiga kelele hamu ya kusema hunitoka. Trela likageuka upande wa pili, likaanza kuelekea ukingoni, taratibu, wao wakipiga kelele wote kwa pamoja, na Ardis akitafuta kitu kwenye kioo bila kukipata. Niliiona shingo yake ikigeuka huku na huku. Ghafla gurudumu la nyuma likakanyaga pasipotakiwa, na pande la udongo kubwa kama meza likameguka. Mei bwawa liko chini bado, maji ya milimani hayajafika, kwa hiyo tulilisikia likianguka kwenye matope kwa kishindo.

Akapiga breki. Orest aliichukua sahani yake akaikalia.

Garth alikimbia mpaka dirishani, mweupe kama unga. "Shuka, Mama. Basi, imetosha. Tafadhali shuka."

"Sishuki."

"Mama, nimeshazika baba mwaka huu!"

Hilo lilimgusa, tuliona wote. Ardis akalisogeza trela mbele, akaliegesha kando ya njia, akazima gari. Alipoteremka alisema, "Kesho."

"Kesho mara moja tu," Garth akasema. "Likigeukia ukingoni tena, naondoka nalo. Sitanii, Mama."

"Na mimi sijacheka."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya maji kwa kuwa kwetu halina haraka ya kuzama, Ardis akaja kwenye moto wangu amebeba kiti chake. Hakuleta lefse. Akakaa, akachukua kijiti akawa anachokoa makaa.

"Delmar, nikwambie kitu. Ukicheka nakuchoma."

"Sema."

"Harlan hakuwa anajua kurudisha trela."

Nikacheka. Akanichoma kwenye kiatu.

"Hakujua kabisa, maskini wa Mungu! Mwaka wetu wa kwanza hapa, wewe hujaja bado, nilipiga kelele mpaka koo likakauka, naye hasikii, akaangusha kibanda cha choo. Kulikuwa na mtu ndani."

"Nani?"

"Mkaguzi wa shule. Usinitoe kwenye habari. Tukaona tutaachana kwa ajili ya trela. Ndipo tukatengeneza ishara. Yeye hasikii, lakini macho anayo. Anaangalia kioo, mimi namwonyesha aende wapi. Tukazifanya za siri, maana aliona aibu mtu mzima kuongozwa kama ndama. Kwa hiyo mkono kiunoni, kujikuna, kushika kitambaa. Nyie mkadhani nimechoka kusimama."

"Na zile tisa zote?"

"Alikuwa anazifurahia kama mtoto, wewe uliona. Anazipigilia ukutani kwenye karakana. Ningemnyima?" Akachokoa makaa tena. "Leo asubuhi kabla hatujatoka nimemfundisha Garth. Anazichanganya. Kiuno cha kulia anafanya cha kushoto, halafu akiogopa anasahau zote anarudi kupunga. Shida si yake. Mimi nilijua kuongoza tu, Delmar. Sijawahi kukaa upande huu wa kioo. Nikaangalia pale kwenye mpopla leo, nikajiona natafuta mtu, na mtu mwenyewe ni mimi."

Hapo akalia. Alilia wazi, bila kuficha uso, na pua ikimtiririka. "Sitaki kukaa Regina kwenye ghorofa naangalia maegesho ya magari kiangazi kizima. Pale ni mahali pangu. Shamba la baba liko chini pale, Harlan alikuwa juu pale. Nikikosa pale sijui nitakuwa wapi."

Nikaongeza kuni, na hilo ndilo jibu letu sisi wanaume wa nyika kwa jambo lolote. Tukakaa mpaka ndege mwari wakarudi kutoka kuvua, wameambatana kundi moja, wakiruka karibu na maji. Akajifuta, akasema, "Moto wako una moshi, ndio unaoniliza," akachukua kiti chake akaenda.

Asubuhi viti vikajaa tena, ila safari hii bila kelele. Watu walikuwa wamevaa makoti, kahawa inapoa mikononi. Sahani zilikuwepo lakini zimelala mapajani uso chini. Hata Orest alikuwa mpole, akamnong'oneza mkewe, "Bora wangemwachia tu, mama wa watu." Kila mmoja wetu alijua likigeuka vibaya mara hii, mwezi ujao kwenye kile kiwanja tutakuwa na wageni, na hakutakuwa na mtu wa kufagia udongo na kuutukana upepo.

Garth akasimama penye mpopla, safari hii mahali pazuri ambapo kioo kinamwona. Ardis akaingiza rivasi. Trela likaanza. Garth akaweka mkono kiunoni, akautoa, akauweka upande wa pili. Akajikuna shingo. Akasahau. Nilimwona amefungua mdomo kama samaki, anajaribu kukumbuka, na mkia wa trela ukaanza kwenda ule upande wa jana. Ulikwenda pole pole, kuelekea pale palipomeguka. Garth akainua mikono yote miwili na kuanza kupunga.

Breki zikalia. Ardis hakushuka. Garth akashusha mikono, akaanza kutembea kwenda dirishani, na uso wake ulikuwa umeshaamua.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka kahawa yangu imemwagika na mimi niko katikati ya njia.

"Garth, subiri. Hajamaliza."

"Mzee Delmar, umeona mwenyewe..."

"Mlipatana habari ya usukani. Usukani bado anao. Kaa pembeni, kijana."

Nikaenda mpaka kwenye mpopla. Nikageuka, nikakitafuta kioo cha pembeni, na ndani yake nikayaona macho yake. Basi, mimi, mkulima mzee niliyevaa ovaroli, nikaweka mkono kwenye kiuno cha kulia na kukisukuma nje.

Kicheko kikalipuka vitini. "Delmar ana nini?" Orest akauliza. "Mgongo huo?"

Trela likatikisika. Mkia ukarudi kutoka ukingoni, kidogo, kisha zaidi. Nikahamisha mkono kiuno cha kushoto, kwa kuwa Ardis hapo ndipo alipokuwa anahamisha, mkia ukiwa sambamba na mawe ya kuotea moto. Nikajikuna shingo nyuma: nyoosha. Likanyooka. Kitambaa sikuwa nacho, nikashika kofia yangu na kuivuta mbele mara mbili: taratibu. Likaenda taratibu. Vitini vicheko vikaanza kukatika kimoja kimoja, mpaka nikawa nasikia changarawe tu chini ya magurudumu. Kiuno kidogo cha kulia. Shingo. Kofia. Hakuna aliyenifundisha hizo ishara. Jana motoni alizitaja tu, hakunionyesha hata moja. Lakini mwili wangu ulikuwa unazijua zote, na mpangilio wake, na mahali pa kila moja, kama unavyojua njia ya kwenda zizini gizani.

Trela likapita kati ya mpopla na hewa tupu, likaingia kama droo. Nikaweka mikono yote miwili kichwani kama mtu aliyefiwa: simama. Likasimama.

Kisha nikavuta ncha ya sikio langu la kushoto, mara mbili.

Hiyo sikujua maana yake. Nilijua tu kwamba ndivyo inavyoisha. Kila Mei, trela likishasimama, Ardis alikuwa anavuta sikio mara mbili ndipo anaondoka mpoplani. Nami nikavuta. Mkono wa Ardis ukatoka dirishani mwa pikapu. Ukapanda, ukashika sikio lake, ukalivuta mara mbili. Halafu ukabaki hapo hapo, na kwenye kioo nikaona uso wake umebadilika.

Hakuna aliyeinua sahani. Orest alikuwa amesimama.

"We Delmar," akasema, na mara hii hakuwa anapiga kelele. "Miaka yote hiyo sisi tunaangalia trela. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

"Orest, funga domo lako," mkewe akamwambia.

Kambi nzima ilikuwa imeshapata jibu. Nilikuwa namwangalia Ardis. Nampenda, nilimpenda tangu alipokuwa na nywele nyekundu, na Harlan alikuwa rafiki yangu niliyekula mezani kwake, kwa hiyo nilitosheka kuwa na kiti changu pale kila Mei na mahali pa kuelekeza macho. Sikuwahi kusema neno na sikukusudia kusema. Sasa nilikuwa nimelisema kwa kiuno, mbele ya watu wote wenye kahawa.

Garth ndiye aliyetuokoa. Akaingia ndani ya trela na pima maji, akaiweka sakafuni, akatoka anapangusa macho. "Kiputo kiko katikati, limekaa sawa," akatangaza. Akampokonya Orest kalamu, akaandika kwenye sahani, akaiinua juu ya kichwa chake chenye upara. Kumi.

"Haiwezekani!" Orest akaruka. "Kumi ni ya Mungu!"

"Basi amwazime Mama kwa leo."

Hapo ndipo kelele zikaanza, watu wakapiga honi za magari, mbwa wakabweka, na Orest akainua saba u nusu yake akisema udongo wa jana hawezi kuusamehe. Garth alimkumbatia mama yake mpaka miguu ikatoka ardhini. "Sifungui mdomo tena," nilimsikia akisema. Ardis akamjibu, "Funga na huu ulioufungua sasa, unaniumiza nyonga."

Mimi nilikuwa nimesharudi kwangu. Nilijifanya natafuta kabari za magurudumu chini ya trela langu, ambazo hazijapotea tangu nizinunue. Nikaona viatu vyake vimesimama karibu na kichwa changu, na ncha ya ufagio.

"Toka huko, Delmar."

Nikatoka.

"Ya mwisho ile," akasema. "Ya sikio. Unajua maana yake?"

"Sijui. Niliona tu ukiifanya."

"Haikuwa ya trela. Mimi nilikuwa naifanya, na Harlan ananijibu hivyo hivyo dirishani. Maana yake nakupenda, kiziwi wewe."

Masikio yangu yote mawili yakawaka moto. "Nisamehe, Ardis. Sikujua. Nisingeifanya hata..."

"Ningekuwa nimekasirika ningekuja na sufuria, si ufagio." Akaangalia bwawa, pale lilipo shamba la baba yake. "Nilidhani sitaiona tena mpaka nife. Mkono ulijibu wenyewe, kabla sijakumbuka ni nani aliyesimama pale. Halafu nikakumbuka ni nani. Sikuushusha."

Nilitafuta kuni za kuongeza, lakini moto ulikuwa umezimika tangu jana. Ardis akatoa sahani ya karatasi mfukoni mwa koti, imekunjamana, akanikabidhi. Alikuwa ameandika tisa.

"Tisa?" nikauliza.

"Kiuno chako kigumu kama mlango wa ghala. Mwakani ukilegeze zaidi, usikisukume." Akaanza kufagia udongo mbele ya trela langu, bila kuombwa, upepo ukimrudishia vumbi lote usoni.

Sahani nimeipigilia juu ya jiko langu. Kiuno nakifanyia mazoezi asubuhi, mapazia yakiwa yamefungwa.